Inchi 15: matairi ya Safari Rally na Subaru yangu ya Longisa

Haya wasomaji, leo Java na hifadhidata zikae pembeni kidogo. Mwezi uliopita tairi langu la mbele kushoto lilivimba ubavuni kama jipu baada ya kuingia shimo karibu na Mulot, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma namba zilizoandikwa kwenye mpira. Mtu wa kompyuta akitafuta jibu dogo huishia kusoma historia nzima. Ndivyo ilivyonipata.

Kwa asiyeijua Longisa: iko Bomet, kando ya lami inayotoka Narok. Ukielekea magharibi unapita mji wa Bomet, kisha unaingia nchi ya chai hadi Kericho, kwenye mvua za alasiri na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Ukielekea mashariki, Mulot kisha Narok, nchi inakauka, unakutana na vumbi na mawe. Sisi tuko mpakani. Tairi linalofaa upande mmoja hulalamika upande wa pili.

Gari langu ni Impreza WRX, mtumba wa Japani, na lina kazi tatu. Linanipeleka Nairobi kwa wateja, zaidi ya km 200 za lami. Jumamosi chache kwa mwaka linashiriki otokrosi, yaani mbio za kuzunguka uwanja wa vumbi dhidi ya saa. Na kila mwezi linampeleka mama kliniki ya sukari Longisa. Hiyo kazi ya tatu ndiyo inayonizuia kufanya mzaha.

Nililinunua mwaka 2012 na sikuangalia matairi. Yalikuwa na meno mengi, nikafurahi. Wiki ya pili, mvua imenyesha, mama yuko kiti cha mbele, gari likateleza kwenye kona kabla ya Bomet na kusimama likitazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Mama hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na alipolisema sikulipenda. Kumbe yalikuwa matairi ya theluji! Mpira wake umeundwa kubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami yetu yenye joto yale meno membamba hujikunja na kushika kidogo. Tena yalikuwa na umri. Ubavuni, mwisho wa msimbo unaoanza na DOT, kulikuwa na tarakimu 4106: wiki ya 41 ya mwaka 2006.

Hapo kuna jambo la kuwachekesha waandishi wa programu. Kabla ya mwaka 2000 msimbo huo ulikuwa na tarakimu tatu tu, wiki mbili na mwaka mmoja. 418 ingeweza kuwa 1988 au 1998. Hata mpira ulikuwa na Y2K yake.

Sasa historia yenyewe. Kama kuna mahali ambapo watu walilazimika kuchagua tairi moja kwa barabara ya kawaida na mashindano kwa pamoja, ni hapa kwetu. Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na mshindi mmoja rasmi, maana magari yaligawanywa kwa bei, lakini linalotajwa mbele ni Volkswagen Beetle la Alan Dix. Gari la dukani lenye matairi membamba ya kipimo 5.60-15, yaani upana wa inchi 5.6 kwenye rimu ya inchi 15. Shikeni hiyo 15, nitairudia.

Kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya masika. Waandaaji walijua wanachofanya. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff kwenye Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wetu wengi wamelipanda likiwa teksi. Halikuwa na nguvu nyingi. Lilikuwa refu kutoka ardhini, na lilivaa matairi membamba yenye ubavu mrefu. Kwenye matope tairi jembamba lina faida ambayo mwenye rimu pana hataki kuisikia: uzito wa gari unakusanyika mahali padogo, tairi linakata tope laini na kufikia udongo mgumu wa chini. Tairi pana linaelea juu ya uji. Kwenye mchanga mkavu mambo hugeuka, hapo upana na upepo mdogo ndivyo vinavyosaidia, na ndiyo maana hakuna jibu moja.

Magari ya michezo hasa yalikuja baadaye. Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 na Shekhar Mehta. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 SC zilizoinuliwa juu. Vic Preston Jr alikuwa wa pili, Björn Waldegård wa nne, na ushindi ukaenda kwa Jean-Pierre Nicolas kwenye Peugeot 504. Kumbukeni kwamba mpaka Safari ilipotoka kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na matatu, ng'ombe na watoto wa shule. Tairi lake lilipaswa kusimamisha gari kwenye lami yenye maji na dakika kumi baadaye kustahimili jiwe lenye makali.

Kitu kikubwa kilichobadilika katikati ni mishipa ya ndani. Matairi ya zamani yalikuwa na nyuzi zilizopishana kimshazari, ubavu na uso vikifanya kazi kama kitu kimoja. Michelin walisajili hataza ya radiali mwaka 1946 na kuanza kuiuza mwaka 1949: nyuzi za ubavuni zinapita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mkanda wa chuma unakaa chini ya uso. Ubavu ukawa huru kunepa, uso ukabaki bapa barabarani. Wenzangu mtaelewa nikisema walitenganisha moduli mbili zilizokuwa zimefungamana. Gharama yake ni kwamba ubavu unaonepa ni mwembamba, na jiwe hupenda ubavu.

Basi timu zikatafuta kinga. Miaka ya 1980 helikopta ziliruka mbele ya magari kuangalia njia. Baadaye zikaja sponji za kujaza ndani ya tairi, ili ukipata pancha uendelee kukimbia. Zikapigwa marufuku mwaka 2008. Kwa hiyo Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha, madereva walirudi kwenye upepo mtupu kama mimi na wewe. Kalle Rovanperä alikwama kwenye vumbi laini la Kedong, na Sébastien Ogier akashinda. Mwaka 2024 shindano likarudishwa Pasaka, na matope yakarudi nalo.

Na hili ndilo lililonishangaza. Toyota Yaris ya Ogier, yenye nguvu mara kumi na zaidi ya Beetle la 1953, ilitumia rimu ya inchi ngapi kwenye changarawe? 15! Kipimo ni 205/65-15. Magari hayo hayo yakienda kwenye lami huvaa inchi 18. Sisi wa mitaani tunanunua rimu kubwa kwa ajili ya macho, kisha tunaliendesha gari kwenye mashimo.

Nikafanya hesabu. Ubavu ni upana mara ile namba ya pili, gawanya kwa 100. Matairi yangu ni 225/45R17: ubavu mm 101, kipenyo chote mm 634. Lile la Safari: ubavu mm 133, kipenyo mm 648. Magurudumu yanakaribiana kwa ukubwa, lakini wao wana sentimita tatu zaidi za mpira kati ya rimu na jiwe. Hizo sentimita tatu ndizo zilizokosekana Mulot.

Nilijaribu rimu ya 15 ya rafiki yangu, ikagonga kalipa ya breki. Breki sipunguzi. Ya 16 inaingia, na 205/55R16 inatoa ubavu wa mm 113 na kipenyo cha mm 632, spidomita haidanganyi.

Halafu aina. Vijana wa otokrosi wananisukumia tairi la uwanjani, laini, karibu halina mifereji. Mifereji ndiyo mlango wa maji kutoka. Bila hiyo, mvua ya Kericho kwa kilomita 80 kwa saa inakugeuza mashua. Lenye meno makubwa ya matope lingenipa raha kwenye vumbi, lakini lami ya Narok ingeyala kabla ya Krismasi, na kwenye kona ya lami lingefunga breki kwa umbali mrefu zaidi. Zamani ningekwenda kuulizia Yana iliyotengenezwa Nairobi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2016.

Nimechukua manne ya kawaida ya barabarani, yenye mifereji mipana na ubavu ulioimarishwa, yaliyotengenezwa mwaka huu. Tarakimu nimezisoma mwenyewe, moja moja. Otokrosi nitapoteza sekunde kadhaa kila mzunguko, na nimeshajua nitachekwa na nani. Fundi anayafunga Jumamosi. Kliniki ya mama ni Jumatatu.