Mpangaji Asiye na Karatasi: Kodi, Notisi na Kufuli katika Sheria ya Kenya

Katika ploti za Nairobi, Nakuru na Mombasa, mwenye nyumba aliyechoka kudai kodi hupewa ushauri ule ule na majirani, na msimamizi wa ploti, na hata na mawakala wa nyumba. Mpangaji huyu, huambiwa, hana mkataba wa kuandikwa, kwa hiyo hana haki. Mfungie mlango kwa kufuli, ng'oa mabati, vyombo vitoke nje.

Makala haya yanaupinga ushauri huo. Yanaipinga pia hoja ya kisomi inayofanana nao, ile inayosema kwamba mpangaji hawezi kulindwa mpaka upangaji wake uandikwe. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba sheria ya Kenya imekwisha kumpa mpangaji huyo mkataba, hata pale ambapo hakuna aliyeshika kalamu. Pungufu liko kwingine: notisi inayoeleweka na watu wa kawaida, na chombo cha kuamua kilicho karibu nao. Pungufu hilo linamuumiza mwenye nyumba karibu sawa na linavyomuumiza mpangaji.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, wataalamu hawana ugomvi. Philip Amis alionyesha mwaka 1984, katika jarida la World Development, kwamba watu wa mitaa isiyoidhinishwa ya Nairobi waliokuwa wakiitwa maskwota walikuwa wapangaji hasa, wakilipa kodi kwa watu waliojenga vyumba kama biashara. Marie Huchzermeyer, katika Tenement Cities (2011), alifuatilia biashara hiyo ilipopanda ghorofa. Nairobi ni mji wa wapangaji, na sehemu kubwa ya upangaji huo hufungwa kwa maneno: bei hutajwa, amana hutolewa, ufunguo hukabidhiwa.

Ugomvi unaanza pale maana ya maneno hayo inapoulizwa. Hernando de Soto, katika The Mystery of Capital (2000), aliwashawishi watunga sera wengi kwamba mali isiyo na hati ni mtaji mfu. Wafuasi wake waliitoa hoja hiyo kwenye umiliki wakaipeleka kwenye upangaji: pasipo karatasi hakuna uhakika, na pasipo uhakika hakuna anayejenga. Mombasa inawakanusha. Richard Stren, katika utafiti wake wa 1978 kuhusu makazi ya mji huo, alieleza jinsi mitaa kama Majengo ilivyojaa nyumba za Kiswahili zilizojengwa juu ya ardhi ya watu wengine. Mjenzi alilipa kodi ya kiwanja, naye akapangisha vyumba kwa wageni wa mji. Ngazi mbili za upangaji zilisimama bila hati ya ardhi mkononi mwa mjenzi, na nyumba zikajengwa, zikakaliwa, zikarithiwa. Watu hawa walihitaji kujua mambo matatu: nani analipwa, lini, na nini kitatokea asipolipwa. Karatasi ni njia mojawapo ya kuyajua hayo. Si njia pekee.

Sheria yenyewe ina fumbo ambalo hoja ya karatasi haiwezi kulitegua. Sheria ya mwaka 1965 kuhusu maduka, hoteli na sehemu za kuuzia vyakula, yaani Sura ya 301, inatambua upangaji unaodhibitiwa. Nani anaingia humo? Kwanza kabisa, yule ambaye upangaji wake haukuandikwa. Wa pili ni mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, au ulio na kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka hiyo pasipo kosa la mpangaji. Mwenye duka aliyetia saini mkataba wa miaka sita usio na kipengele hicho huwa nje. Katika biashara ya Kenya, basi, asiye na karatasi ndiye aliye ndani ya ngome, na karatasi ndefu ndiyo inayomtoa.

Haikuwa bahati mbaya. Utangulizi wa sheria hiyo unataja wazi lengo la kuwakinga wapangaji dhidi ya kufukuzwa na kunyonywa. Waliotunga sheria miaka miwili baada ya uhuru walijua kwamba muuza duka mdogo ndiye asiyeandikiana na mwenye jengo, na kwamba ulinzi unaodai maandishi ungewafikia wasiouhitaji. Mwenye jengo akitaka kumtoa, anapaswa kumpa notisi kwa fomu iliyowekwa, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria, nayo isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu ipokelewe. Kuchelewesha kodi kwa miezi miwili, au kuichelewesha mara kwa mara, ni mojawapo ya sababu hizo. Mpangaji anayepinga hupeleka malalamiko kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya notisi kufikia siku yake, na notisi husimama mpaka jopo liamue. Mahakama ya Rufani ilisisitiza uzito wa utaratibu huu katika Rufaa ya Madai namba 203 ya 1994, shauri ambalo mawakili wengi hulijua kwa jina la Diani Boutique: upangaji unaodhibitiwa hauishi kwa njia nyingine yoyote isipokuwa ile iliyowekwa na sheria.

Kwa nyumba za kuishi, hali ni ya kusikitisha. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliyotungwa 1959, inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nayo kodi hiyo ya msingi imefungwa kwenye hesabu ya tarehe 1 Januari 1981. Ndani ya mpaka huo ulinzi ni mzuri. Kutolipa kodi ni sababu ya kuomba nyumba irudishwe, lakini jopo la sheria hiyo, ambalo si lile la biashara, lazima pia liridhike kwamba ni haki kufanya hivyo. Tatizo ni mpaka wenyewe. Bei zimepanda kwa zaidi ya miaka 40 na kiwango kimebaki pale pale, kwa hiyo vyumba vingi vya mijini vimeteleza nje ya sheria bila Bunge kupiga kura ya kuvitoa.

Vimeteleza kwenda wapi? Hapa ndipo ushahidi mkuu wa makala haya ulipo, na inashangaza kwamba mjadala wa umma huupita haraka hivyo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema kwamba mwenye ardhi akimruhusu mtu kuikalia peke yake kwa kulipa kodi bila makubaliano ya maandishi, ukaaji huo unahesabiwa kuwa upangaji wa vipindi. Kipindi chenyewe ni kile ambacho kodi hulipiwa: anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi, anayelipa kwa wiki ni wa wiki. Upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi hicho, na notisi hiyo lazima iishie siku mojawapo ya kulipa kodi. Kifungu cha 58 kinaongeza kwamba upangaji wa muda mfupi, wa miaka miwili au chini yake, au wa vipindi, unaweza kufungwa kwa mdomo. Tanzania ilikuwa na vifungu vya namna hii tangu Sheria ya Ardhi ya 1999, katika kifungu cha 78 na cha 79, na lugha ya sheria za Kenya inafanana nayo sana.

Uzito wa maneno haya huonekana yanapowekwa kwenye kalenda. Tuseme mpangaji hulipa tarehe 5 ya kila mwezi, na mwenye nyumba anampa notisi tarehe 10 Juni. Mwezi mmoja unatimia tarehe 10 Julai, lakini hiyo si siku ya kodi. Notisi sahihi itaishia tarehe 5 Agosti. Angeitoa tarehe 4 Juni, ingeishia tarehe 5 Julai. Siku sita za kuchelewa kuandika barua zimemgharimu mwezi mzima, na yule aliyeandika "toka ndani ya siku saba" hakutoa notisi yoyote ambayo kifungu hiki kinaitambua.

Hesabu hiyo hiyo ina habari njema kwa mwenye nyumba. Nje ya maeneo yanayodhibitiwa, kifungu cha 57 hakimdai athibitishe deni ili auvunje upangaji wa mwezi. Hakimdai hata sababu. Kinamdai tarehe. Anayeng'oa mabati anaiacha njia ambayo sheria imemfungulia, anajitia kwenye hatari ya kushtakiwa fidia, na deni lake linabaki pale pale.

Wapo watakaotaja kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, kinachozuia mashauri juu ya mikataba ya maslahi ya ardhi isiyoandikwa. Hoja hiyo ina nguvu kwa mauzo ya viwanja. Kwa chumba cha kupanga inapwaya, kwa sababu Sheria ya Ardhi haikuuacha upangaji wa mdomo utafute uthibitisho wake mahali pengine. Imeuumba yenyewe kutokana na ukaaji na kodi. Na karatasi nayo ina mitego yake. Hati ya kupanga isiyolipiwa ushuru wa stempu inaweza kukataliwa kama ushahidi, na wapangaji wengi walio na "mkataba" wana karatasi ya namna hiyo, iliyonunuliwa katika duka la vitabu na kutiwa saini ukumbini.

Ukaaji na kodi vitathibitishwaje? Swali hili lilikuwa gumu mwaka 1980. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, mpangaji wa Kenya amekuwa akijiandikia mkataba kila mwezi bila kujua. Ujumbe wa malipo una kiasi, tarehe, saa na jina la mpokeaji. Miezi 12 ya ujumbe huo inaonyesha kipindi, kiwango na siku ya kodi, yaani yale hasa ambayo kifungu cha 57 kinayataka. Inaonyesha pia miezi iliyorukwa, kwa hiyo ni silaha ya mdai vile vile. Sheria ya Ushahidi inazipokea rekodi za kielektroniki kwa masharti yake, likiwemo la cheti. Wanaolipa fedha taslimu bila risiti wamebaki nje ya faida hii, na kwao pendekezo la maana ni risiti ya lazima, ambayo ni jambo dogo na rahisi kuliko mkataba wa lazima.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye nyumba wenyewe, nalo linastahili heshima. Wengi wao si matajiri. Ni mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba vinne kwa mafao yake, au mjane anayelipa mkopo wa Sacco kwa kodi ile ile ambayo haikuja. Mpangaji anayekaa miezi minane bure huku shauri likiahirishwa anakula mafao ya mtu. Ni kweli, na sheria ya sasa imewatupa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, lakini migogoro ya umiliki na ukaaji wa ardhi imewekwa nje ya milango yake. Mwenye vyumba vinne akitaka chumba chake kirudi, anaelekezwa kwingine, kwenye safari ndefu. Kufuli hustawi katika nafasi hiyo tupu. Mkataba wa kurasa kumi usingeijaza, kwa kuwa hata mwenye mkataba hupanga foleni ile ile.

Kuna jambo moja linaloonyesha jinsi sheria zilivyopishana. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yalileta kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi, kinachomtaka mwenye ardhi binafsi ampe mtu aliyeikalia bila idhini notisi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumwondoa. Aliyeingia bila ruhusa ana miezi mitatu. Aliyeingia kwa ruhusa na kulipa kodi kwa miaka mitano, akakosa mwezi mmoja, ana mwezi mmoja. Haiwezekani kulitetea pengo hilo kwa kanuni yoyote ya haki, nalo haliondolewi na maandishi.

Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria hizi pamoja na ile ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, lakini haukuwa sheria kabla ya Bunge la 12 kumaliza muda wake mwaka 2022. Tanzania ilichukua njia tofauti: ilifuta Sheria ya Kudhibiti Kodi ya 1984 mwaka 2005, ikaiachia Sheria ya Ardhi na mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, huku mabaraza ya kata yakibaki na kazi ya usuluhishi tangu marekebisho ya 2021. Haifuati kwamba Kenya iige mfano huo wote. Sehemu moja yake, hata hivyo, inafaa: chombo cha kusuluhisha kilicho mtaani, chenye siku zilizohesabiwa, kabla ya watu kufika kwa hakimu.

Iwapo mswada utarudi, kipimo chake cha kwanza kiwe kama unaanzia kwenye kifungu cha 57 au unakipita. Unaoanzia hapo utaondoa kiwango cha shilingi 2,500, utaweka fomu moja ya notisi kwa Kiswahili yenye nafasi ya kujaza siku ya kodi, utaifanya risiti kuwa wajibu, na utalipatia jopo moja mamlaka ya kuamua deni na ukaaji kwa pamoja ndani ya siku 60. Unaoanza kwa kudai mkataba wa maandishi utawaacha nje wapangaji ambao sheria ya 1965 iliwaweka mbele, na yaelekea utawarudishia wenye nyumba kufuli ambayo sheria ya 2012 ilikusudia kuwanyang'anya.