Santuri Aliyoitupa Mwenyewe

Mwaka 1970 kampuni ya Kapp Records ya Marekani ilitoa albamu inayoitwa Parallelograms. Mwimbaji wake, Linda Perhacs, alipopata nakala yake aliiweka kwenye gramafoni, akasikiliza, kisha akaitupa. Kisa hiki amekisimulia mwenyewe. Nyimbo alikuwa bado anazipenda. Shida ni kwamba kilichotoka kwenye spika hakikuwa kile alichokiacha studio.

Kampuni ilikuwa imeitayarisha santuri kwa ajili ya redio za AM. Enzi hizo Wamarekani wengi waliusikiliza muziki hivyo, ndani ya gari au kwenye kiredio cha jikoni chenye spika ndogo, kwa hiyo sauti nyembamba za juu na nzito za chini zilipunguzwa, ikabaki ile ya kati inayopenya kelele. Kwa wimbo wa kuchezea dansi, haidhuru. Lakini hii ni albamu ambayo utamu wake wote uko kwenye sauti ya mwanamke mmoja iliyorekodiwa tabaka juu ya tabaka, na kwenye ukimya ulioachwa kati ya nyuzi za gitaa. Ukiifanyia hivyo umepika pilau bila viungo. Wali upo, nyama ipo, mgeni anakula kwa adabu tu.

Na wageni wenyewe walikuwa wachache. Albamu haikuuza, kampuni haikuhangaika nayo, basi ikaisha hivyo.

Waandishi wa muziki wakifika hapa hupenda sana kusema kwamba Perhacs "alipotea". Hivi alipotea wapi? Alikuwa Los Angeles, anakwenda kazini. Alisomea usafi wa kinywa na meno, na alikuwa ameajiriwa kwenye kliniki ya daktari wa ufizi huko Beverly Hills, mtaa ambao wateja wake ni watu wa filamu. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha kabla ya albamu, na ndiyo aliyoendelea nayo kwa miongo baada yake. Jioni alirudi Topanga Canyon, bonde la milimani lililojaa wanamuziki na vijana wa nywele ndefu, akashika gitaa.

Mmoja wa waliokaa kwenye kiti cha kliniki ile alikuwa Leonard Rosenman, mtunzi wa muziki wa filamu. East of Eden na Rebel Without a Cause, zile za James Dean za mwaka 1955, muziki wake ni wa Rosenman, na baadaye alikuja kushinda Oscar mara mbili. Alimuuliza Perhacs anafanya nini akitoka kazini. (Mgonjwa wa meno kwa kawaida hana nafasi ya kuuliza maswali mengi, kinywa kiko wazi na kimejaa vyuma. Huyu aliipata.) Perhacs akampa kanda ya nyimbo alizojirekodi nyumbani. Rosenman aliisikiliza, akampigia simu kumwambia anataka kutengeneza albamu.

Hapa ndipo ninapoiona bahati ya kweli kwenye kisa hiki. Prodyuza mwingine angemgeuza Perhacs kuwa nakala hafifu ya Joni Mitchell. Soko la msichana mwenye gitaa lilikuwa kubwa. Rosenman alikuwa mwanafunzi wa Arnold Schoenberg, yule bwana wa Vienna aliyevuruga kanuni za melodia za Ulaya, kwa hiyo alipokutana na dada asiyesomea muziki anayesema kuwa nyimbo anaziona kama maumbo na rangi, hakumcheka. Alimpa studio, na watu wa uhakika: Shelly Manne na Milt Holland kwenye ngoma na vidogovidogo vya kugonga. Kwenye orodha ya vifaa kuna hata bomba la kuogea lililounganishwa na kipaza sauti ili litoe mlio kama wa tarumbeta. Sitanii.

Matokeo yake yasikie kwenye wimbo uliobeba jina la albamu. Unaanza kwa gitaa linalozunguka na sauti inayotaja majina ya maumbo ya jiometria, sauti nyingine ya Perhacs inaingia juu yake, halafu nyingine, zinapishana kama watoto wanaoruka kamba. Katikati, wimbo unavunjika. Gitaa linatoweka. Zinabaki sauti zilizopindwa kwa mitambo, kengele na nafasi tupu, hujui juu ni wapi wala chini ni wapi. Kisha gitaa linarudi pale pale lilipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Saikedelia nyingi ya miaka ile ni gitaa la umeme linalopiga kelele. Hii inafanya kazi yake kwa kunong'ona.

Sio nyimbo zote 11 zinazofika huko. "Paper Mountain Man" ni bluzi ambayo mtu mwingine angeweza kuiimba. Lakini "Chimacum Rain", iliyobeba jina la mahali penye mvua huko jimbo la Washington, ingetosha peke yake kumpa mtu heshima yake.

Mwaka 1998 Michael Piper, mwenye lebo ndogo ya The Wild Places, aliitoa tena albamu kwenye CD. Hakuwa na kanda ya studio, kwa hiyo alinakili kutoka kwenye santuri ya zamani. Maana yake, wapenzi wapya wa Parallelograms walikuwa wanapenda ile ile iliyomfanya mwenyewe aikatae. Hili hunishangaza kila nikilifikiria. Muziki ulikuwa na nguvu kiasi cha kupenya ukuta, na watu wakausifu bila kujua kuna ukuta.

Piper aliendelea kumtafuta Perhacs, na alipompata ikaonekana kwamba yule mama alikuwa ametunza kanda yake miaka yote hiyo. Toleo la mwaka 2003 lilitoka humo, pamoja na rekodi za ziada.

Kusema kweli, neno "ziada" huwa linanitia wasiwasi. Matoleo mengi yaliyoongezwa ni ukoko wa sufuria: mazoezi, nyimbo zilizokataliwa kwa sababu nzuri, mradi tu shabiki anunue mara ya pili kitu alichonacho. Kwa Parallelograms hesabu ni tofauti. Nyongeza kubwa kuliko zote ni ile ambayo haiandikwi kwenye orodha ya nyimbo, yaani masafa ya sauti yaliyokatwa mwaka 1970. Anayelipia fedha nyingi santuri ya kwanza ana kitu adimu, sawa. Lakini albamu iko kwenye kanda ya Perhacs, na ilichukua miaka 33 kuwafikia watu.

Halafu kuna "If You Were My Man". Wimbo huu haukuwemo kwenye santuri ya 1970, uko kwenye zile za ziada. Mwaka 2006 Daft Punk, Wafaransa wawili wa muziki wa mashine, waliutumia kwenye filamu yao ya Electroma. Kwa hiyo kuna watu waliomjua Perhacs kwanza kwa wimbo ambao kampuni yake haikuwahi kuuuza. Mwaka 2007 akaimba kwenye albamu ya Devendra Banhart, na mwaka 2014 akatoa albamu yake ya pili, The Soul of All Natural Things, ambayo Julia Holter, mwanamuziki wa kizazi kingine kabisa, alishiriki. Kati ya ya kwanza na ya pili ni miaka 44.

Ukiipata ile yenye nyongeza, usiizime baada ya wimbo wa 11. Kuna rekodi ya majaribio ya "Chimacum Rain", na kabla yake Perhacs anazungumza, anamweleza Rosenman anachotaka. Ni sauti ya kawaida ya mtu anayeeleza kazi yake kwa mtu wa kazi. Kisha anaanza kuimba, na karibu kila kitu tayari kimo.