Ladha ya Tarikhi, Mwendo Mfupi kutoka Rebero

Mkazi wa Rebero atakaye kuonja ladha ya tarikhi hana haja ya safari ndefu. Na ateremke kilimani, avuke hadi Nyarugenge, kwenye nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeuasisi mji wa Kigali mwaka 1907. Siku hizi ni makumbusho, na picha za kale zilizomo hupendeza macho. Asomaye Kijerumani anacho pia kitabu cha Kandt, Caput Nili, cha mwaka 1904. Lakini wapagazi waliomchukulia mizigo hawana nyumba yenye majina yao! Askari, makarani na wachuuzi Waislamu wa zama hizo, wengi wao watu wa pwani, waliacha athari nyingine kule Nyamirambo: msikiti wa Al-Fatah. Huo haukuwekwa ndani ya kabati la kioo. Watu huswali humo mara tano kwa siku.