Antioksidanti za Mimea na Tishu Iliyorudishiwa Damu: Historia ya Dhana na Istilahi Yake

Makala haya yanafuatilia historia ya wazo kwamba kemikali za mimea zinaweza kuikinga tishu inaporudishiwa damu baada ya kuikosa. Hoja yetu ni kwamba ushahidi wa maabara na ushahidi wa wagonjwa ni mambo mawili, na kwamba istilahi zetu hufuta mpaka ulio kati yake.

Kufungua ateri iliyoziba huokoa maisha. Hata hivyo, mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake, nchini Marekani, waliona katika mioyo ya mbwa kwamba kurejea kwa damu kuliharakisha dalili za kufa kwa seli zilizokwisha kuathirika. Mwaka 1973 David Hearse na wenzake, nchini Uingereza, walionyesha kwa mioyo ya panya kwamba oksijeni inayorejeshwa ghafla huweza yenyewe kudhuru. Maelezo ya kikemia yalitokana na ugunduzi wa Joe McCord na Irwin Fridovich, waliobainisha mwaka 1969 kimeng'enya kinachoondoa superoksidi mwilini. Katika miaka ya 1980 McCord alihusisha jeraha hilo na radikali huru zinazozalishwa oksijeni inaporejea.

Hapo ndipo mimea ilipoingia. Kwesetini ya vitunguu, kurkumini ya manjano na resveratroli ya zabibu zilijaribiwa kwa wanyama. Resveratroli ilikuwa imetengwa na Michio Takaoka wa Japani mwaka 1939 kutoka katika mmea wa Veratrum grandiflorum. Umaarufu wake ulikuja baada ya kutambuliwa katika mvinyo mwaka 1992. Mioyo ya panya iliyotangulizwa dutu hiyo ilipata madhara madogo zaidi.

Kwa binadamu mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1994 kimeng'enya cha McCord na Fridovich, kilichotengenezwa maabarani, hakikuboresha utendaji wa moyo kwa wagonjwa waliozibuliwa ateri. Mwaka 2007 NXY-059, dawa ya kiharusi isiyotokana na mimea lakini iliyojengwa juu ya nadharia hiyohiyo, ilishindwa katika jaribio kubwa. Mimea ina vikwazo vya ziada: resveratroli ikimezwa hubadilishwa upesi na utumbo na ini, hivyo ni kiasi kidogo tu kinachobaki katika damu kama ilivyomezwa. Isitoshe, panya hupewa kinga kabla ya ateri kuzibwa, ilhali mgonjwa hufika baada ya kuugua. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza visa 145 vya kughushi data katika kazi za mtafiti wake mashuhuri wa resveratroli na moyo.

Maandishi ya afya kwa Kiswahili huita antioksidanti "viondoa sumu". Jina hilo linaahidi matokeo ambayo historia haijayathibitisha, na neno "dawa" huikamilisha ahadi hiyo. Tanzania ilitunga sheria ya tiba asili mwaka 2002, na Uganda mwaka 2019. Lugha ya kueleza mitishamba kwa umma sasa ni suala la sera. Tunapendekeza "kizuia oksidi", jina linalotaja kazi ya kikemia pekee, na kwamba kila maelezo ya mmea yatamke wazi kama ushahidi wake ni wa maabara, wa wanyama au wa wagonjwa. Mgonjwa wa moyo anayeacha matibabu ya hospitali kwa kuamini manjano ndiye anayelipa gharama ya istilahi legevu.