Ugumu wa Kisu na Jiwe la Kunolea: Hoja kutoka Kwale

Mjadala wa visu siku hizi umetawaliwa na namba moja, ugumu kwa kipimo cha Rockwell. Kisu cha jikoni cha Kizungu huwa karibu na 56, cha Kijapani hupita 60, na mnunuzi huaminishwa kwamba namba ikipanda, ubora nao umepanda. Nadai kwamba kwa wanaoishi kwa makali katika Pwani ya Kusini ya Kenya, yaani wagema, wavuvi na wakulima, hesabu hiyo imeanzia pasipostahili. Swali la kwanza liwe: mwenye kisu ananolea nini?

Chukua mgema wa Msambweni. Karara la mnazi hukatwa kipande chembamba asubuhi na jioni ili tembo liendelee kutiririka, na kotama, yaani kisu cha mgema, ikiwa butu hulichana badala ya kulikata. Makali yake lazima yarudi kila siku, tena upesi. Kisu kinachokaa mwezi mzima bila kunolewa, kisha kikahitaji jiwe la almasi kurudi hali yake, ni hasara kwake, hata kikiwa maridadi namna gani.

Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki hufua kwa springi za magari makuukuu, na hapa wana busara kuliko wanavyosifiwa. Chuma hicho huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.6. Kikichomwa mpaka sumaku isikinate, kikapita hapo kidogo, kisha kikazamishwa katika oili, huwa kigumu lakini chepesi kumeguka. Kikirudishwa kwenye moto wa nyuzi 200 hadi 250 za Selsiasi, ugumu hushuka hadi kama 57 na kisu hupata uwezo wa kustahimili kishindo. Nondo laini ya ujenzi, yenye kaboni haba, haishiki matiko ya maana hata mikononi mwa bingwa.

Sasa turudi kwenye jiwe. Bara ya Kwale, kuelekea Mariakani na Mazeras, imetandwa na mawe ya mchanga yenye chembe nyingi za kwatsi. Kwa kipimo cha Vickers, kwatsi ina ugumu wa karibu 1100, na chuma cha springi kilichotiwa matiko hukaribia 640. Jiwe linashinda kwa mbali, kwa hiyo linanoa. Lakini vyuma vya visu vya bei kubwa huchanganywa na vanadi, nayo hufanya punje za kabidi zenye ugumu unaokaribia 2800. Jiwe la mchanga hula chuma kilichozizunguka punje hizo, likaziacha zenyewe. Ugumu unaouzwa kama sifa ndio unaomfunga mtumiaji kwa kinoo cha dukani.

Mvuvi ana pingamizi la haki: maji ya chumvi. Chuma cha springi hushika kutu usiku mmoja tu chomboni. Kwake chuma chenye kromi ya asilimia 12 au zaidi ni uamuzi sahihi, hata kikiwa laini, mradi asidhani kwamba hakiliki kabisa. Maji ya bahari hukitoboa vishimo nacho kisipooshwa.

Kuchagua chuma si jambo geni hapa. Huko Galu, kusini ya Diani, utafiti wa mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake ulifichua mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya zamani za Waswahili wa mwanzo, na miongoni mwa vipande vilivyopimwa mlikuwa na feleji iliyoyeyushwa chunguni, yenye kaboni nyingi. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi alikwisha kutaja chuma cha Malindi na Mombasa. Wahunzi wa enzi hizo walikuwa na vyuma vya aina mbalimbali mkononi, na hawakuwa na mashine ya Rockwell, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1910.

Mhunzi wa leo pia hana haja nayo. Tupa mpya ikiteleza juu ya ubapa uliotoka kwenye oili, matiko yameshika. Ubapa ukisuguliwa ung'ae, kisha ukarudishwa motoni polepole mpaka upate rangi ya majani makavu, joto limekaribia nyuzi 220, na tupa ileile itaanza kuung'ata kidogo. Kilichobaki ni kumwuliza mteja kinoo alichonacho nyumbani kabla ya kupima wembamba wa makali.