Jinsi mdudu anavyopumua bila kukauka

FUKUSI huishi miezi kadhaa ndani ya gunia la mahindi makavu bila kunywa tone la maji. Siri yake imo katika namna anavyopumua, na siri hiyo hiyo yaweza kumwangamiza.

Wadudu hawana mapafu, na kwa wengi wao damu haina kazi ya kusafirisha oksijeni. Hewa huingia kupitia vitundu vilivyo ubavuni mwa kifua na tumbo, ambavyo kwa kawaida havizidi jozi 10. Kutoka hapo, mirija inayogawanyika kama matawi ya mti huifikisha moja kwa moja katika viungo vya mwili. Hewa ya kaboni hutokea njia iyo hiyo.

Hata hivyo, mna unyevu ndani ya mirija hiyo, na kila kitundu kinapofunguka mvuke hutoroka. Kwa kiumbe mdogo mwenye akiba haba ya maji, hiyo ni hatari kubwa.

Kinga ya kwanza ni nta inayofunika gamba lake. Ya pili ni vali zinazofunga vitundu anapotulia. Baadhi ya wadudu huvifunga kabisa, kisha huvifungua kidogo kidogo ili kuingiza oksijeni, na hatimaye huviacha wazi kwa muda mfupi kutoa kaboni iliyorundikana. Nondo aliye katika hatua ya pupa huweza kukaa saa nyingi kabla ya kuitoa. Wataalamu wangali wanajadiliana iwapo lengo kuu la mtindo huo ni kuhifadhi maji au kuepuka madhara ya oksijeni nyingi mwilini.

Isitoshe, mdudu hujitengenezea maji: chakula kinapotumiwa mwilini pamoja na oksijeni, maji huzalishwa.

Mkulima anaweza kuzivunja kinga hizi. Vumbi la diatomaiti, mwamba mweupe unaopatikana Kariandusi karibu na Gilgil, hufyonza na kukwaruza nta hadi mdudu akauke. Nayo mifuko isiyopitisha hewa humnyima oksijeni. Kaboni inapozidi humo, vitundu hubaki wazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulionyesha kwamba wadudu wa kunde wanapokosa oksijeni huacha kula, hushindwa kujitengenezea maji na kufa kwa kukauka.

Lakini mfuko huo haukaushi nafaka. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 yakifungiwa humo yanaweza kuota kuvu na kupata sumu ya aflatoksini, ambayo mwaka wa 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Ukambani. Aidha, mfuko ukitobolewa na dumuzi au panya, hewa huingia na mdudu hupumua tena.