Kimbari si Halaiki

Mwanafunzi akisikia habari za mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, swali lake la kwanza huwa: waliuawa wangapi? Ni swali la haki, lakini ndilo linalomfanya achanganye mauaji ya halaiki na mauaji ya kimbari, na vyombo vyetu vya habari havimsaidii. Halaiki ni umati. Anayesema hivyo anahesabu maiti. Kimbari limetoka kwenye mbari, yaani ukoo au watu wa asili moja, nalo linauliza jambo jingine: kwa nini hawa, na muuaji alikusudia nini?

Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, ndiye aliyeunda neno jenosidi, yaani mauaji ya kimbari, akalichapisha mwaka 1944. Alichukua neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya mbari, akaliunga na la Kilatini la kuua. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba unaolitaja kuwa kosa la jinai: kukusudia kuangamiza, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kundi la taifa, kabila, rangi au dini. Kuua ni kitendo kimoja tu kati ya vitano. Kulizuia kundi lisizae kumo, na kulinyang'anya watoto wake na kuwapa watu wa kundi jingine kumo pia. Wapinzani wa kisiasa hawamo, jambo ambalo wanasheria wanabishania hadi leo.

Mfano wa karibu uko Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba; ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hili. Majaji walikumbana na swali gumu. Watutsi na Wahutu wana lugha moja na utamaduni mmoja, na wameoana. Basi kabila liko wapi? Wakatazama vitambulisho. Tangu enzi za Wabelgiji, kadi iliandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akarithi la baba yake. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, ni mstari huo mmoja ulioamua nani apite na nani afe. Mwalimu mwenye kipindi kimoja tu ningemshauri aweke kando takwimu, afundishe kadi hiyo.

Istilahi ya pili inayowatatiza wanafunzi, ile ya chuki dhidi ya Wayahudi, ina matata yake. Mwaka 1879 Mjerumani Wilhelm Marr alieneza neno lenye maana ya kupinga Wasemiti, ili chuki yake isikike kama sayansi. Ndiyo maana hutokea mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, Waarabu si Wasemiti pia?" Kilugha ni kweli, ila walengwa wa Marr walikuwa Wayahudi tu. Kiswahili kinakwepa mtego huo kwa kusema wazi: chuki dhidi ya Wayahudi. Kasoro ni kwamba chuki ni hisia, ilhali hapa kuna pia hadithi ya kutunga, kwamba Wayahudi wanaitawala dunia kwa siri. Isitoshe, watoto wetu wengi humjua Myahudi kutoka Biblia au Kurani, mtu wa zama za manabii. Waambiwe kwamba mwaka 1933 Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama laki tano, hawafiki hata mmoja katika kila watu mia: madaktari, wenye maduka, na wazee waliopigania Ujerumani hiyohiyo katika Vita vya Kwanza vya Dunia.